Asubuhi Mstari Uliponyooka

Miye nesi wa wodi ya wagonjwa wa moyo, na hilo ndilo lililoniponza asubuhi ile.

Binti yangu alikuwa kaskazini kabisa, kule ambako majira ya baridi jua halichomozi, akisomea mianga ya rangi inayocheza angani usiku. Mwenzake wa masomo kaenda mjini, yeye kabaki peke yake kibandani mwao. Mtoto wa Kipemba aliyezaliwa huku kwetu ugenini, Barking, na theluji wapi na wapi! Alinieleza kwamba mianga ikimetameta, sumaku ya ardhi nayo hutetemeka, na kuna kifaa walichokifukia nje kinachouchora mtetemo huo. Akaniwekea mchoro kwenye laptopu niuone mwenyewe.

Nilirudi kutoka zamu ya usiku, nikaufungua. Akapiga simu: anatoka kufukua kamera yao iliyofunikwa na theluji, upepo umeanza, akirudi atapiga tena. Mstari ulikuwa ukipanda na kushuka taratibu, kama moyo wa mtu aliyelala. Nikamimina chai, ikapoa. Nikapiga mimi, simu haipokewi.

Mara mstari ukanyooka.

Yarabi! Ukiona vile wodini, moyo umesimama, unakimbia. Nilipiga ukelele, mume wangu akatoka chooni na povu la kunyolea ndevu usoni.

"Mwanangu kafa!"

"We mwanamke, hebu tulia. Hiyo ni sumaku ya ardhi, si moyo wa mtoto. Mianga imezimika, basi."

"Haya, yeye yuko wapi?"

Akavuta kiti, povu lingali usoni.

Tukakaa tunautazama ule mstari. Kisha ukaruka juu, ukaanguka, ukaruka tena ovyo ovyo. Mume wangu akasema mashine imeharibika. Wapi! Mgonjwa akijikuna au akivuta waya, mchoro huwa vivyo hivyo.

"Kuna mtu yuko pale," nikasema, "na kule hakuna mtu mwengine." Nikaangua kilio.

Simu ililia baadaye, ni yeye. Upepo ulimpotezea njia, koleo la chuma mkononi, mpaka akakiangukia kifaa chenyewe, pahala wasiporuhusiwa kusogea hata na funguo, maana chuma hukivuruga. Akaufuata waya wake, ukamfikisha mlangoni. Meno yanamgongana, naye analalamika kwa Kiingereza: kaharibu rekodi, mwalimu wake atakikata kipande kile, hakina maana.

"Mwambie mamako kasema," nikamjibu, "akikate aone."