Karatasi Zenye Tiki

Karatasi ya daftari ikishaingia mafuta ya mandazi huwa na harufu yake peke yake. Nilikutana nayo tena juzi hapa Bondeni, kwa mama mmoja aliyeishiwa na mifuko ya khaki ya kufungia, akanirarulia ukurasa wa daftari la mtoto wake. Nilisimama kando ya barabara, mtu mzima mwenye duka lake la agrovet, la mbegu na dawa za mifugo, nikinusa karatasi kama nimechanganyikiwa. Yule mama akaniuliza, "Kwani yameharibika?" Ningemweleza nini jamani? Wacha niwaeleze nyinyi.

Nilipokuwa darasa la sita, Mama alipika mandazi mlangoni mwa nyumba yetu ya kaunsili, na hizo khaki hazikuwepo. Kila Januari mzee wa makaratasi alipita na gunia la madaftari ya mwaka uliopita kutoka shule za mtaa, akiyauza kwa kilo. Jioni Mama aliketi kwenye kistuli, daftari mapajani, akirarua kurasa moja moja na kuzipanga chini ya jiwe zisipeperuke. Karai ikichemka upande huu, hesabu na insha za watoto wa watu upande ule. Mteja alikula mandazi akimaliza na jiografia.

Shuleni nako tulikuwa na Madam Chepkoech, mwalimu wetu wa Kiingereza, na ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu: maneno yanayofanana. Affect na effect. Principal na principle. Alitwambia tukumbuke kwamba stationery ni ya duka la vitabu, na stationary ni lile lori lililokwama barabarani Salgaa tangu wiki jana. Kila Ijumaa alitoa maswali ishirini, kila moja na maneno mawili, uchague moja. Tukimaliza tulibadilishana madaftari na jirani wa dawati, Madam akasoma majibu, kila mtu akamsahihishia mwenzake. Na nyinyi mliosoma shule zetu mnajua jirani mzuri ni yupi. Ni yule anayejua kufumba jicho.

Wangu hakujua. Atieno alikuwa rafiki yangu wa damu, lakini ukimpa kalamu nyekundu alikuwa hakujui. Nikikosa alinipigia X kubwa kama ile inayochorwa kwenye nyumba inayongoja kubomolewa.

Muhula huo Madam alitangaza kwamba mtoto mmoja wa darasa letu angeenda Naivasha kwa mashindano ya hayo maneno, Jumamosi, kwa basi la shule. Mtihani wa mwisho wa mwezi ndio ungeamua. Wenzangu walifikiria soda. Mimi nilifikiria Baba. Alikuwa akifanya kazi ya kukata maua, akiishi Kamere, kando ya ziwa la Naivasha hiyo hiyo, na Krismasi hakuwa amekuja kwa sababu msimu wa maua ulikuwa umepamba moto na likizo zimefutwa. Nilikuwa nimeanza kusahau sauti yake, na hilo lilinitisha. Sikumwambia mtu.

Sasa sikieni. Jioni moja nilikuwa nakula mandazi, macho yakaanguka kwenye karatasi. Maswali ishirini ya Madam, ya mwaka uliotangulia, pamoja na majibu, na Ijumaa iliyofuata Madam akatupa hayo hayo, neno kwa neno! Kumbe hakuwa akijisumbua kutunga mapya. Nilipata kumi na nane, Atieno akanikagua mara mbili mbili kwa macho ya askari.

Nilimwambia Mama. Nilidhani atanichapa. Aligeuza mandazi kwanza, yote, polepole.

"Hiyo Naivasha, ni karibu na kwa baba yako?"

"Ni hapo tu, Mama."

Tangu jioni hiyo Mama alianza kupekua kila ukurasa kabla haujaenda chini ya jiwe. Mama alikuwa ameacha shule darasa la pili, na Kiingereza kwake kilikuwa kama nyayo za kuku. Lakini tiki aliijua. Yenye X nyingi ilifunga mandazi. Yenye tiki nyingi aliipangusa unga na kuitia chini ya godoro langu. Mteja akinyoosha mkono aichukue, alimwambia, "Hapana boss, yenye tiki haifungi mandazi."

Juma la mtihani wa mwisho alinijia na ukurasa ameushika kwa ncha za vidole usiingie mafuta, uso wote unang'aa. "Nafula, ona hii. Imepata zote! Huyu mtoto alikuwa moto."

Kweli, tiki ishirini, bila hata X moja. Nikaikariri usiku na asubuhi mpaka nikaweza kuitaja nikichota maji. Kuna majibu yaliyonikera kidogo, kwa sababu Madam alikuwa ametufundisha kinyume chake. Nikajiambia, wewe ni nani ubishane na tiki ishirini?

Ijumaa, maswali yakaja yale yale. Niliandika bila kuinua kichwa, na Madam, kwa mara ya kwanza, akakusanya karatasi akasahihishe mwenyewe. Jumatatu Atieno alikuwa na kumi na saba, nafasi ya Naivasha ikawa yake. Mimi nilikuwa na nne.

Madam aliniita ofisini. "Nafula, haya ni maswali ya kuchagua moja kati ya mawili. Hata mtu akifumba macho anapata kumi. Kupata nne, umejitahidi."

Nililia mpaka nikasema kila kitu: gunia, jiwe, godoro. Aliitaka ile karatasi, nikaitoa kwenye soksi. Aliitazama, akashika kichwa. "Hawa wawili wa dawati la nyuma! Walikuwa wakipeana tiki kama peremende." Ndipo nikaelewa kilichokuwa kimenipata. Nilikuwa nimekariri urafiki wa watu wawili nisiowajua.

Hakunichapa. Alichofanya ni kuanza kutunga maswali mapya, na akawa mteja wetu. Alinunua mandazi mawili, akayashika mkononi yakipoa huku akisoma karatasi mbele na nyuma, ndipo akala.

Lakini siku ile nilipofika nyumbani nilikuwa na hasira ya kuchoma nyumba. Nilimtupia Mama karatasi yangu ya mtihani miguuni.

"Lakini ile ilikuwa na tiki zote," alisema.

"Tiki za uongo! Wewe hata hujui kusoma!"

Nimeyasema mengi maishani, ila hayo ndiyo ningeyarudisha. Mama aliokota karatasi, akaikunja mara mbili, akaendelea kukanda unga. Alikanda muda mrefu kuliko kawaida.

Jumamosi alfajiri alimpitishia Atieno mandazi sita ya kumpelekea Baba, ambaye kabla ya matokeo alikuwa ameambiwa kupitia simu ya jirani anisubiri kwenye geti la shule ya mashindano. Nilipoona alichoyafungia nilitaka kuzama ardhini. Ilikuwa karatasi yangu, nne kwa ishirini, jina langu juu.

"Mama! Kwa nini hiyo?"

"Ndiyo yenye mkono wako," alisema. Na hakunitazama.

Atieno alirudi jioni na soda aliyoninunulia, chupa ya plastiki iliyopoteza baridi. Namheshimu mpaka leo kwa vile hakuzungusha maneno. Baba alikuwa amevaa shati jeupe la kanisani. Watoto waliposhuka kwenye basi aliwatazama mmoja mmoja mpaka wakaisha, kisha akauliza, "Nafula wangu yuko nyuma?"

"Ukamwambia nini?"

"Nikampa mandazi."

"Akala?"

"Hapana. Alikunjua karatasi akaanza kusoma, akasoma mpaka tukaingia ndani."

Nililia kwa aibu. Niliamini amesoma kushindwa kwangu, na nikaibeba aibu hiyo miaka mingi, hata alipokuja nyumbani Pasaka na asiseme neno juu yake.

Sasa Baba amestaafu, yuko Bondeni na Mama, na juzi hiyo hiyo ya ile harufu nilikuwa naenda kwao. Alinituma nimtolee kadi ya hospitali kwenye Biblia yake. Ndani ya Biblia kulikuwa na karatasi iliyokunjwa, mafuta yameifanya iwe kama kioo cha dirisha. Niliijua kabla sijaikunjua. Maandishi yangu ya darasa la sita, zile X za Madam. Na kando ya kila nambari, kwa penseli, kwa herufi kubwa za mtu asiyeandika mara kwa mara, kulikuwa na jibu jingine.

Baba alikuwa amefanya mtihani wangu. Kule Kamere, baada ya maua, peke yake. Alifuta, akajaribu tena, na kwenye nambari tisa alifuta mpaka karatasi ikatoboka. Hakuisoma ili aone nimeshindwa. Sikuwa nimeshuka kwenye basi lile, basi akakaa nami kwa njia iliyokuwapo. Na Mama, asiyejua kusoma, alijua karatasi gani ya kumpelekea.

Alikuwa amekosa mengi, Baba yangu, herufi zikimpotea hata pale alipochagua neno sahihi. Nilitoa kalamu nyekundu kwenye mkoba.

"We, unafanya nini na mtihani wangu?" Alikuwa mlangoni na fimbo yake.

"Nasahihisha."

"Haya. Nimepata ngapi?"

"Ishirini kwa ishirini, Baba."

Alicheka mpaka akakohoa. "Muongo wewe!"

Mama alitokeza kichwa kutoka jikoni, mikono ina unga mpaka kwenye viwiko. "Ni karatasi gani hiyo? Ina tiki?"

"Zote, Mama."

Alikuja, akaitazama kwa muda, akaipangusa kwa kona ya leso.

"Basi irudishe ndani ya Biblia," alisema. "Yenye tiki haifungi mandazi."