Spika Zilipochomolewa

Mama yangu ni mwalimu wa darasa la kwanza, na kwa ukali hana mpinzani. Kompyuta za kugusa kioo zilipoletwa shuleni kwao alizipokea shingo upande. "Haya, leteni," alimwambia mwalimu mkuu, "lakini zisinipigie kelele."

Zilipiga. Mtoto akigusa neno, mashine inalitamka. Naye analirudia, anachagua picha yake, anapewa nyota. Watoto walizipenda, si mchezo! Mama naye akanogewa, akafikia hatua ya kumkosoa hata fundi. Na aliyeongoza kwa nyota darasa zima ni binti yangu, mjukuu wake. Weee! Nilitembea kifua mbele. Mawifi zangu wote niliwapigia simu, hata yule tuliyenuniana.

Karibu na kupanda darasa, kelele zikamchosha mama, akachomoa spika zote. "Leo tunasoma kwa macho." Wengine walijikongoja, silabi kwa silabi, wakafika. Binti yangu alikaa akiikodolea macho mashine, akingoja imwambie.

Jioni mama alikuja kwangu, hata kiti hakutaka.

"Mwanao anarudia darasa."

"Mama! Mjukuu wako mwenyewe?"

"Ndiyo maana nimekuja kukwambia mwenyewe. Hajui kusoma. Anasikia tu, anakariri."

Nikawaka. Watu wangenionaje? Na mtoto mwenyewe, aachwe na wenzake, achekwe? Nikamwambia mama amezeeka, anamtoa mjukuu wake kafara ili asionekane anapendelea. Mdomo hauna breki. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Mpe karatasi," alisema, akaondoka.

Nilimpa, tena kwa jeuri, nimwonyeshe huyo bibi. Niliandika kwa herufi kubwa maneno mepesi, yaleyale yaliyompa nyota: *Kaka anakula.* Nikamwita mtoto mezani.

"Nisomee, mwanangu."

Alikaa vizuri, mgongo wima kama alivyofundishwa. Akaweka kidole juu ya neno la kwanza, akabonyeza, akangoja. Akabonyeza tena, kwa nguvu zaidi. Akageuza karatasi akatazama nyuma yake, kisha akaninyooshea.

"Mama, hii mbovu. Haisemi."

Nilimpakata, machozi yananitoka, nikachukua simu. Mama alipokea kabla haijaita sana.

"Arudie," nikamwambia.