Keki za Jumamosi za Mama Hana

Nakumbuka siku moja Mikumi, mwanangu, tumekaa kwenye hoteli ya kando ya barabara kuu, malori yakipita kuelekea Iringa, na likaulizwa swali lililonifanya nishindwe kumeza chapati. Nitakufikisha huko. Kwanza nikuambie mimi nilikuwa nani, maana ukiniona leo na mvi zangu unaweza kudhani nilizaliwa na busara. Sikuzaliwa nayo. Nilizaliwa na mdomo tu.

Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, nimetoka kwetu Mamboya na Kiingereza changu cha shule ya misheni, nikapata kazi Kilosa mjini kwa familia ya wamisionari kutoka Ulaya. Baba wa nyumba hiyo alikuwa mchungaji, na siku nyingi za juma alishinda milimani kwenye makanisa ya vijijini. Nyumbani tulibaki mimi, mkewe na watoto wao wawili, Hana wa miaka sita na mdogo wake wa kiume, kichanga. Mtaa ulimwita Mama Hana, na yeye alilipenda jina hilo kuliko hata lake mwenyewe.

Mama yule alikuwa na moyo wa kujifunza. Nilimfundisha kuwasha mkaa, akajiunguza. Nilimfundisha kupepeta mchele, nusu ukaishia kwa kuku wa jirani. Alicheka, akarudia. Kilichomtatiza ni hodi. Kwao mtu hafiki nyumbani kwako mpaka mpatane siku na saa. Huku, wiki ya kwanza tu, majirani walifuatana: huyu na ndizi, huyu na mahindi mabichi, huyu mikono mitupu, amekuja kumwona mtoto. Siku moja kichwa kilimuuma, akaniambia, "Tabita, leo waambie nimepumzika."

Alisema leo. Mimi nikaifanya sheria.

Kila aliyepiga hodi nilimuwahi nje na kumwambia mama amepumzika. Asubuhi amepumzika, alasiri amepumzika, mpaka mtaa ukadhani tumeletewa mgonjwa. Utaniuliza kwa nini. Nitasema ukweli, aibu yake nimeshaizoea. Nilipenda kuwa mimi peke yangu ninayejua habari za nyumba ile. Sokoni wanawake walinizunguka: mzungu wako anakula nini, anaamka saa ngapi? Nikajibu kwa madaha kama waziri. Wakianza kuingia na kujionea wenyewe, nani angeniuliza mimi tena?

Na Mama Hana alipotaka kwenda yeye kuwasalimu, nilimzuia. "Mama, desturi ya huku mgeni hungoja atembelewe kwanza." Uongo mtupu! Naye akanishukuru kwa kumfundisha.

Basi akangoja. Kila Jumamosi alioka keki ndogo ndogo, akatandika kitambaa mezani, akapanga vikombe, akakaa na kichanga wake mapajani. Majirani walikuwa wameshachoka kurudishwa, hakuna aliyekuja. Jioni aliniambia nizile zisiharibike. Nilizila, mwanangu. Zilikuwa tamu.

Mambo yakaenda hivyo miezi saba, mpaka siku hiyo ya Mikumi. Mchungaji alikwenda kupokea mizigo yake iliyokuwa ikija na lori kutoka Dar es Salaam, nasi akatuchukua. Alipokuwa anasubiri lori, sisi tuliingia hotelini kunywa chai kwa chapati. Dada aliyetuhudumia hakuomba ruhusa ya mtu. Alimpakata kichanga, akavuta kiti. "Huyu anaitwa nani? Mbona mzito hivi, mnamlisha nini jamani?" Mama Hana akamjibu kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, wakacheka mpaka chai ikapoa. Dada alipoitwa na wateja wengine, Mama Hana alinigeukia, macho yamejaa machozi.

"Tabita, huyu hanijui, amekaa na mimi. Kilosa miezi saba, hakuna mtu. Nimewakosea nini?"

Akaniambia wameshakubaliana na mumewe: mwezi ujao anarudi kwao na watoto, mchungaji atabaki peke yake amalize kazi. Hana akasikia, akauliza baba atakuwa anakula na nani. Pale ndipo chapati iliponikwama.

Tuliporudi Kilosa nilikimbilia kwa Bi Mwanahawa, mama mtu mzima wa nyumba ya pili, ambaye nilikuwa nimemrudisha na kikapu chake cha magimbi kichwani. Nia yangu ilikuwa kumbembeleza aje siku moja tu kumtembelea Mama Hana, mambo yaishe kimyakimya. Nilimkuta anapukuchua mahindi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Leo mama yako kaamka?"

Nikalia, nikamweleza yote. Hakunibembeleza. Alimaliza kwanza gunzi lililokuwa mkononi.

"Wakubwa walisema mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema. "Wewe umetunyima mgeni, na mgeni umemnyima wenyeji. Halafu unataka nije tufunike kombe mwanaharamu apite? Siji. Nenda kamwambie kwa kinywa hicho hicho ulichotufukuzia. Akitaka kuja baada ya hapo, kwangu hakuna bawabu."

Nilimkuta Mama Hana anakunja nguo za watoto, sanduku liko wazi kitandani. Nilimweleza nikiwa nimesimama. Nilipomaliza aliiweka chini nguo aliyokuwa anaikunja.

"Hata ile desturi ya kungoja?"

"Hata ile, mama."

"Walikuja?"

"Walikuja wengi. Na vyakula walileta."

Alilia sana. Kisha akajifuta uso, akachukua khanga yangu, akamfunga mtoto mgongoni upandeupande, akatoka. Sikuthubutu kumfuata. Nilisimama uani nikasikia sauti yake kwa jirani, "Hodi!" na sauti ya Bi Mwanahawa, "Karibu mwanangu, pita, pita." Alirudi jua likizama, miguu ina vumbi.

Mwezi ule hakusafiri. Walikaa miaka minne, na mtaa ukawa wake. Misibani alikaa mkekani na wenzake, kwenye shughuli alishika mwiko, na Hana akazungumza Kiswahili kuwapita watoto wa majirani. Mimi hakunifukuza. Alinisamehe, na nilipoolewa alinisimamia kama mama. Lakini tangu siku ile, hodi ikipigwa, hata awe na unga mikononi, alinyanyuka kwenda mwenyewe. Hakunisema. Alinipita tu, nami nimesimama karibu na mlango kuliko yeye. Miaka minne alinipita hivyo, na kila mara iliniuma, na kila mara nilijua ana haki.

Sasa nasikia na wewe umepata kazi ya mapokezi, mwanangu, watu watapitia kwako kumfikia mkubwa. Hongera. Cheo ni dhamana, hata kama ni cha kukaa kwenye kiti cha mlangoni. Ukiwekwa kati ya watu, wakutanishe. Mtu akikuambia leo, iwe leo, na kesho umuulize tena. Mgeni usimdanganye ukauita uongo wako desturi, kwa maana hana pa kuuhakikisha. Na ukikosea, usitafute wa kukufunikia. Kaseme mwenyewe, na useme mapema kuliko mimi. Msamaha utaupata, watu ni wema. Ila imani yao huchelewa kurudi, na nyingine hairudi.

Nenda salama. Mungu akulainishe ulimi, akuondolee tamaa ya kuwa peke yako unayejua, na wote watakaokutana kupitia kwako wakuombee heri hata usipokuwapo. Amina.