Tonge la Mwisho la Kulungu

Mlinzi wa msitu anayewaongoza wawindaji hapa Bavaria hunong'ona hata akiagiza bia, kwa mazoea ya kuwanyatia kulungu. Walburga mwenye baa humwinamia ndipo amsikie. Leo mgeni wake kutoka Teksasi alitamba kutwa: "Kwetu tunawamwagia mahindi, wanajileta wenyewe! Nyie mnanyata nini?" Mzee mlinzi akalamba kidole, akapima upepo. Jioni, uani mwa baa, akavua kofia, akamtia kulungu waliyemuua kitawi cha msonobari mdomoni, tonge la mwisho, kama desturi itakavyo. Mgeni, macho makavu, akakichomoa akamchomeka sigara, apige naye picha.

"Mrudishie tonge lake, mshenzi wee!" mzee akanguruma.

Ndani ya baa, bilauri ikamponyoka Walburga. Kule mlimani, kulungu waliokuwa wakila wakatimka wote.