Sauti ya Mama Mkwe Darasani

Mwalimu Theonest alitoka Muleba akiwa kijana, akafundisha kisomo cha watu wazima katika vijiji vya Kharumwa kwa miaka kumi na mitatu, na kwa muda wote huo daftari lake la mahudhurio halikupata doa. Mwaka 1994 alikabidhiwa redio kaseti ya kubebeka pamoja na fomu yenye swali: ni jambo gani linalowafanya wanakisomo wakubali kujifunza kwa chombo hiki? Akajaza kwa mwandiko wa mlazo: "Wanapenda muziki unaotangulia somo."

Mbuke alicheka aliposomewa jibu hilo. Mjane huyu, mkulima wa pamba, hakuwahi kukanyaga darasani, kwa kuwa Abel, mume wa binti yake Ritha, alikuwa mwanakisomo wa benchi la mbele. Na kwa Wasukuma, mama na mkwewe wa kiume hawaketi chumba kimoja. Wakikaribia kukutana njiani, mmoja huacha njia akaingia majanini. Ndiyo maana kila Jumatatu Mwalimu alimpelekea masomo nyumbani, yakiwa ndani ya kaseti.

"Muziki gani, Mwalimu? Mashine haina mkwe," alisema huku akipukuchua mahindi. "Tena nikikosea, inarudia bila kuchoka. Wewe ungekwisha kukunja uso kama mtu aliyelamba ndimu."

"Mimi sikunji uso, mama."

"Kawaulize wanafunzi wako."

Haja ya Mbuke ilikuwa moja tu. Binti yake mdogo, Limi, alifanya kazi za ndani Mwanza. Barua zake zilisomwa na Abel, Ritha akasikiliza, kisha Ritha akaja kumsimulia mama yake.

"Zinanifikia kama maziwa yaliyokwisha kuondolewa siagi," alisema Mbuke. "Nataka kumsikia mwanangu mimi mwenyewe."

Mbuke alipofika somo la tisa kati ya ishirini, Mwalimu alirekodi usomaji wake ili akausahihishe. Juma hilohilo afisa akaja kukagua darasa. Mwalimu, kwa hamu ya kuonyesha matunda ya kazi, akabonyeza kitufe.

"Ba-ba a-na-la-la," ilisoma sauti ya Mbuke, ikijikwaa.

"Abel!" mtu akadakia kutoka nyuma. "Mama mkwe anakuuliza mbona umelala!"

Darasa zima likaangua kicheko. Abel aliinuka, akajifunika uso kwa kofia, akatoka. Siku ya tatu alimchukua Ritha, wakahamia kwenye machimbo ya Bulyanhulu. Usilolijua ni kama usiku wa giza: Mwalimu aliujua mwiko wa macho, lakini hakujua kwamba sauti nayo ni mtu.

Alikwenda kuomba radhi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakumkaribisha kigoda.

"Mama, wewe hukuwamo mle. Ilikuwa sauti tu."

"Sauti hiyo ni ya nani, Mwalimu? Nimeketi kwangu, nawe umeniingiza kwa mkwe wangu."

Akamrudishia kaseti zake, zimefungwa vizuri katika kanga. Mwalimu alipotaka kumfundisha kwa mdomo tu, Mbuke alikataa. Na barua zikija, alisema, zitamngoja Ritha.

Baada ya mauzo ya pamba habari ikafika: Limi amefariki hospitalini Mwanza, na amezikwa hukohuko. Mwalimu alikwenda msibani. Mbuke alikuwa chini, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha. Alichomoa barua ya Limi kifuani, akampa.

"Ilikuja mwezi uliopita," alisema. "Nilidhani nitaimaliza mwenyewe."

Chini ya maneno palikuwa na mistari ya mkaa. *Mama, nakusalimu sana. Habari za hapo? Mimi* — hapo mkaa ulikuwa umekatika. Neno lililofuata lilikuwa *nimelazwa*, na silabi za namna ya *zwa* zilianza katika somo la kumi. Kuanzia hapo hadi mwisho wa ukurasa, Mbuke alikuwa amepigia mstari neno moja tu kila lilipotokea, nalo ni *mama*. Lilitokea mara tano.

Waombolezaji walikuwa wameketi karibu, na baadhi yao walikwisha kugeuza shingo ili wasikie. Mwalimu aliwatazama. Akapiga magoti vumbini, akainamisha kichwa mpaka mdomo wake ukawa karibu na sikio la Mbuke, akaanza kusoma kwa sauti ya chini sana, asisikike na mtu mwingine yeyote.