Matanga ya Bibi wa Amerika

Bibi huyo hatukupata kumwona hata siku moja. Alikuwa mwandishi wa riwaya, Mmarekani, mashuhuri dunia nzima, na alipokufa matanga yake yaliwekwa nyumbani kwa mama yangu, katika mji wa Ibra, Oman, kwa kahawa, tende na masinia ya wali kutoka kwa majirani. Huko kwao sijui kama alililiwa hivyo. Nimesoma mengi yaliyoandikwa baada ya kufa kwake, juu ya tuzo zake na urithi aliouacha, na kila nikisoma nakasirika kidogo, kwa kuwa hakuna hata mmoja aliyeitaja Ibra.

Lakini lazima nianze na mjomba, maana bila yeye hakuna atakayenielewa. Mama alikuwa na kaka mmoja tu. Mwaka wa mapinduzi, mjini Unguja, asubuhi moja alitoka kwenda kununua mkate. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Hakurudi, wala hakuja mtu kusema nimemwona hapa au nimemzika pale. Siku zile watu walilia midomo imefumbwa. Matanga hayakuwekwa, kwanza kwa hofu, halafu kwa sababu ya bibi yangu, mama yao. Bibi alisema mwanawe hajafa, na atakayemsomea hitma ndiye atakayekuwa amemuua. Basi nani angethubutu?

Walipohamia Oman, bibi alikuja na jambo lake. Kila Idi, wanaume wa nyumba wakishonewa kanzu mpya, na mwanawe alishonewa. Huku watu husema dishdasha, lakini bibi mpaka anaingia kaburini alisema kanzu. Ilishonwa kwa vipimo vya kijana wa miaka kumi na tisa, ikapigwa pasi, ikafukizwa udi, ikatundikwa sebuleni mpaka Idi ipite. Baadaye kanzu hiyo alipewa maskini. Sisi watoto tulikua tukiiona pale, na kuigusa ilikuwa haramu kuliko kuiba. Mdogo wangu wa kiume aliufikia umri ule, akaupita, akanenepa, akaota mvi, na kanzu ya mjomba ikabaki nyembamba vile vile.

Bibi alipofariki nilidhani jambo hilo litazikwa naye. Mama akalishika pale pale lilipoachwa. Alikwenda mwenyewe sokoni kuchagua kitambaa, akampelekea fundi wetu, Mhindi ambaye baba yake ndiye aliyekuwa akimshonea bibi. Vipimo fundi alikuwa navyo kichwani. "Kijana bado yuko safarini?" aliuliza kila mwaka, kwa kile Kiarabu chake cha dukani. "Bado," mama alijibu, kisha wakazungumzia vifungo.

Machozi ya mama kwa ajili ya kaka yake sikuwahi kuyaona. Nilidhani amekwisha kupoa. Mwenye kovu usidhani amepoa, ndivyo tunavyosema, lakini methali nyingi huwa tunazijua mdomoni tu.

Sasa bibi wa Amerika. Nilipokuwa chuo Maskati nikisomea Kiingereza, tulisomeshwa riwaya yake moja, nami nikaja nayo nyumbani wakati wa likizo na kuisahau jikoni. Mama alikuwa na Kiingereza cha skuli ya Unguja, cha wasichana waliochapwa kwa kukosea, na hakukipoteza. Nilimkuta amekaa na kitabu changu baada ya laasiri, miwani puani, bamia hazijakatwa. Aliniuliza bila kuinua macho, "Huyu bibi kaingiaje nyumbani mwetu?"

Riwaya yenyewe ni ya mama mmoja katika mji mdogo wenye baridi kali. Mwanawe anatoka siku moja na harudi. Kila baridi inapokaribia, yule mama huzipeleka buti za mwanawe kwa fundi viatu zitiwe soli mpya, ingawa hazijakanyaga chini. Majirani wanamwona mwehu. Mwandishi hamwoni mwehu hata kidogo, na hapo ndipo alipompata mama yangu. Kitabu kinakwisha bila kusema kijana alikwenda wapi.

Mama aliuchukua mwisho ule kama deni la adabu. Mtu hawezi kukueleza yote yale, akakutia uchungu kiasi kile, kisha akafunga mlango. Kwa mama, bibi yule alijua, ila hajaamua kusema. Ikawa kila riwaya yake mpya ikitoka lazima niitafute. Niliagiza, nilimsumbua kila aliyesafiri, na siku hizi za simu ikawa rahisi zaidi. Riwaya zake zote zimo katika mji ule ule, kwa hiyo mama alikuwa na haki ya kutumaini. Alisoma polepole, kwa kidole, akifika ukurasa wa mwisho akafunga na kusema, "Hajasema bado." Kama angekuwa anamsubiri mgeni kwenye uwanja wa ndege asingekuwa na subira zaidi.

Maisha ya bibi yule aliyajua kuliko ya jamaa zake wa mji wa Sur. Alijua kwamba baba wa bibi yule alikuwa fundi wa saa. Alijua kwamba alikuwa akifanya kazi ya kupokea simu hospitalini na kuandika jikoni watoto wakiwa skuli, na kwamba wachapishaji walimrudishia riwaya ya kwanza mara nyingi. "Hao wachapishaji hawana haya," mama alisema, kwa hasira ya ndugu. Alijua kwamba kuna skuli huko kwao zilizoviondoa vitabu vyake kwenye makabati na nyingine zikavirudisha. Alijua hata kwamba uzeeni hakutaka tena kuhojiwa na mtu, akapanda nyanya. Hilo la nyanya lilimkera sana. "Anapanda nyanya, na mtoto wa watu hajulikani aliko!"

Habari za kifo zilinifikia kwa simu Nizwa, ninakosomesha. Nilitoka skuli, nikatia gari mafuta, nikaenda moja kwa moja Ibra, maana sikutaka asikie kwa mtu mwingine. Nilimkuta sebuleni akipepeta mchele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Leo si siku yako ya kuja. Nani kafa?"

Nikamwambia. Aliuweka ungo chini, akaupangusa mkono kwenye kanga.

"Kafa bila ya kusema," alisema.

"Kusema nini, mama?"

"Yule kijana alikwenda wapi. Sasa nani atatwambia?"

Akalia. Si machozi ya kufuta kwa ncha ya ushungi. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, huku akijipiga mapaja, na mimi mtu mzima mwenye wajukuu nikasimama pale sijui niushike mkono gani. Niliogopa. Nilitaka baba yangu afufuke aje amnyamazishe.

Jirani yetu, mwenyeji wa Ibra hasa, mwanamke wa makamo ya mama, alisikia kutoka upande wa pili wa ukuta. Akaingia bila kubisha, kama inavyotakiwa. "Nani?" aliuliza kwa Kiarabu. Mama, kati ya kwikwi, akajibu, "Bibi mmoja, mwenzangu. Amerika." Jirani hakuuliza la pili. Kwetu mfiwa hahojiwi. Tena Ibra nzima inajua kwamba sisi watu wa Zinjibar tuna jamaa kila pembe, Dubai, Kanada, Uingereza, mpaka kwenye theluji, na kufiwa kwa simu ndiyo desturi yetu. Akamkumbatia mama, akampa pole ya msiba, "Ahsanallahu azaakum," akatoka. Baada ya dakika chache tu nikasikia masufuria kwake.

Jua halijashuka wanawake wakaanza kuingia. Nyumba yenye msiba haiwashi jiko, kwa hiyo walikuja na majiko yao yaliyokwisha kupika: wali, kuku, harisa, mabirika ya kahawa. Mabusati yalitandikwa. Mdogo wangu, anayekaa Samail, alinipigia simu kafoka. Wanaume walikuwa wakimpa pole kwa simu mfululizo na kumuuliza watamkuta sabla gani, ukumbi wanaume wanamokaa matanga, naye hata hajui kafiwa na nani. Nilipomweleza akasema, "Dada, msiba wa kujitakia hauna kilio." Nikamwambia aje asikie mwenyewe kama huu hauna.

Sikucheka wakati ule. Nilikuwa nimewaka. Nilimvuta mama chumbani nikafunga mlango.

"Mama, watu wamekuja kuomboleza. Wanamwombea dua mwanamke asiyekuwa Muislamu, ambaye wewe humjui wala yeye hakujui. Hii ni aibu. Natoka sasa hivi kuwaambia."

Alikuwa amekaa kitandani, macho yamevimba, mdogo kuliko nilivyozoea kumwona. Nilitegemea atanitolea maneno, maana mama alikuwa na ulimi. Badala yake alinishika mkono.

"Waache, mwanangu," alisema. "Sijapata kukaa matanga mimi. Niache nikae haya."

Ni hapo tu nilipoelewa, na nikaona haya ya kuchelewa kuelewa. Mama alikwishafiwa na kaka yake umri wote huo, na hajapewa mkono wa pole hata na mtu mmoja. Na neno langu moja kwa wale wanawake lingewainua wote kwenye busati, kwa adabu, wakachukua masufuria yao wakaenda zao. Yeye angerudi kwenye mchele wake, na asingelia tena mpaka anakufa. Nilirudi sebuleni nikamimina kahawa.

Niliimimina siku ile, na iliyofuata, nikiogopa swali moja tu. Siku ya tatu, ya kufunga azaa, yaani kuanua matanga, likaja. Wanawake walikwisha kumaliza kusoma. Jirani aliinua mikono, kisha akanigeukia mimi, kwa kuwa mama alikuwa ameinama.

"Tumtaje kwa jina gani, binti yangu? Tumwombee kwa jina lake."

Sebule nzima ikanitazama. Jina la bibi wa Amerika lilikuwa kwenye ulimi wangu, jina ambalo nusu ya dunia inalijua, na si jina la kutajwa kwenye dua ya Ibra. Nilijaribu kusema kitu. Mama akainua kichwa akaniwahi. Alitaja jina la kaka yake, na la baba yake, na la babu yake, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayejibu ofisini. Jina lile nilikuwa nimelisikia kwa bibi yangu tu, na kwa mama sikuwahi. Silitaji hapa. Walikwishalitaja wale.

Kwa siku tatu walikuwa wakimlilia mwanamke. Sasa ni mwanamume, tena mwenye babu wa Sharqiyah, mkoa huu huu wa Ibra. Niliwaona wakitazamana, mara moja tu. Jirani hakushusha mikono. Akamwombea kwa jina hilo lote, na wote wakaitikia amina. Alipomaliza alimsogelea mama mpaka magoti yakagusana.

"Alikuwaje?" aliuliza.

Basi mama akasema. Alisema alikuwa mrefu, na kwamba alipenda ukoko wa wali, wakigombania. Alisema alikuwa akimchukua skuli kwa baiskeli na kumshusha kabla ya kona ili wenzake wasimcheke. Asubuhi ile mama ndiye aliyekuwa na zamu ya kununua mkate, lakini alikuwa na homa, kaka yake akamwambia lala, nitakwenda mimi. Hilo hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa analijua. Wanawake wa Ibra walilia naye, kwa sauti, na mimi nikalia, huku birika la kahawa mkononi.

Wanaojua mambo wanaandika kwamba bibi yule alibadilisha riwaya ya nchi yake. Inawezekana. Mimi huwasomesha wasichana wa Nizwa kurasa zake kila mwaka, nao huniuliza kwa nini hakusema kijana alikwenda wapi. Zamani nilikuwa na jibu la chuo kikuu, refu. Sasa nawaambia labda naye hakujua, na labda hakutaka kumsomea hitma mtoto wa mwingine bila idhini ya mama yake. Wananitazama kwa mshangao. Kengele hulia tukaendelea na sarufi.

Idi iliyofuata ilikuwa ya mwisho kwa mama, ingawa hatukujua. Nilimpeleka sokoni. Alinunua kitambaa cha mdogo wangu na cha wajukuu, tukaingia kwa fundi. Fundi alihesabu vipande, akavigeuza, akatafuta chini ya mfuko.

"Mama, umesahau cha yule kijana," alisema. "Bado yuko safarini?"

Mama alishika ukingo wa meza ya kukatia.

"Amefariki," alisema.

Fundi aliuacha mkasi. Aliweka mkono kifuani, na nikaona kwamba ameumia kweli, kwa kuwa amemshonea tangu anajifunza kazi kwa baba yake, na mwili ule anaujua mabega mpaka kifundo cha mguu.

"Masikini," alisema. "Na alikuwa bado mdogo."

"Ndiyo," mama alisema. "Alikuwa bado mdogo."