Faini Niliyoipinga kwa Sauti ya Mama

Nilikuwa nimekwenda Kolo kumchukua mama aje akae nami Makole, Dodoma mjini, wiki mbili, apumzike kazi za shamba. Tulirudi asubuhi, yeye akiwa kiti cha mbele. Katika kijiji kimoja kabla ya kufika Dodoma, trafiki alinipungia mkono nisimame.

"Shikamoo, mama," alimsalimia mama kwanza. Kisha akanigeukia. "Dada, hapa mwisho ni hamsini. Umepita na sabini na tatu."

Akanionyesha tochi, kile kifaa chao cha kupimia mwendo. Namba iliyosomeka ilikuwa ya gari langu kweli. Lakini pembeni mwa picha ilionekana pua ya gari jingine, pikapu iliyotupita kwa kasi na kuchepuka njia ya vumbi kabla ya kumfikia yeye. Nilimweleza. Akasema kila dereva huwa na gari la kusingizia, akaniandikia faini.

"Ukitaka kupinga, nenda kituoni kwa mkuu."

Niliendesha nimekasirika. Mama ndiye aliyeuliza, "Na hicho kidude cha kiooni, si ulisema kinapiga picha?"

Nilikuwa nimekisahau kabisa. Mume wangu alifunga ile kamera baada ya mtu kutugonga sokoni na kukana. Ina GPS ndani yake, hivyo chini ya picha huandika mahali, saa na mwendo wa gari.

Kesho yake nilikwenda kituoni na mama, aliyekataa kubaki nyumbani. Mkuu alikuwa mtu mzima, mpole. Akamwita yule askari, tukaweka kadi ya kamera kwenye kompyuta. Barabara ikatokea, na namba chini yake: arobaini na saba, arobaini na sita. Sikuwa nimekumbuka kwamba inarekodi na sauti.

"Mwanangu, mwendo gani huu?" Sauti ya mama ilijaa chumbani. "Baiskeli zitatupita. Wewe na mumeo mmefanana, hata posa alichelewa kuileta miaka miwili."

Uso uliniwaka kwa aibu. Askari aliinamisha kichwa, mabega yakimtikisika. Mama alisikiliza kwa makini, kisha akamwambia mkuu, "Ni kweli, alichelewa."

Pikapu ikatupita upande wa kulia, saa ileile iliyoandikwa kwenye picha ya tochi. Sisi tulikuwa arobaini na saba. Mkuu akairudisha rekodi nyuma kuhakikisha, akairudisha zaidi ya nilivyopenda, hadi kijiji tulichokuwa tumekipita kabla ya hapo.

"Na hapa je? Hamsini na sita."

"Hapo nilikosea, afande."

Alinitazama kidogo. "Hilo hatukukuandikia. Ila umejiona mwenyewe."

Akaagiza faini ifutwe. Yule askari akasimama, akaniomba radhi bila kuzungukazunguka: jua lilikuwa kali, hakuitazama picha vizuri. Nikampa mkono. Usiku uliopita nilikuwa nimepanga maneno makali ya kumwambia. Nikaona sina tena haja nayo.

Tulitoka tukapitia mgahawani, tukanywa chai na chapati bila haraka. Na kwa wiki zile mbili alizokaa nasi, kila jirani aliyekuja kumwamkia mama alisimuliwa jinsi alivyotoa ushahidi kituoni mpaka mkuu mwenyewe akakubali.